Mwongozo Kamili wa Kutumia Mfumo wa Tiketi Katika Timu ya Programu

"Ile shida ya malipo imerudi tena." Ujumbe kama huu ukiingia katika kundi la WhatsApp la timu usiku, watu watano huuelewa kwa namna tano. Mmoja hukumbuka michango iliyokatwa mara mbili mwezi uliopita, mwingine hudhani ni zile risiti zisizowafikia wateja, wa tatu anajua kwamba kuna jambo lilisemwa kikaoni lakini siku hiyo alikuwa safarini, na yule aliyerekebisha tatizo la awali alikwisha kuhamia kampuni nyingine. Shida yenyewe huenda ni ya nusu saa tu, ila kutambua ni shida ipi kumekula siku mbili.

Mfumo wa tiketi ulibuniwa kwa ajili ya hali hiyo. Kila jambo linalohitaji kushughulikiwa, liwe hitilafu, ombi la kitu kipya au kazi ya matengenezo, hupewa ukurasa wake wenye namba isiyobadilika, na mazungumzo yote yanayolihusu hufanyika katika ukurasa huo. Watu wa Debian, mradi unaotengeneza mfumo endeshi huria kwa nguvu za wanaojitolea, walianza kutumia mfumo wao mwaka 1994, na hadi leo kila hitilafu huko ina anwani yake ya barua pepe ambayo mtu yeyote anaweza kuiandikia. Bugzilla ilitolewa mwaka 1998 kwa mradi wa Mozilla. Jira ya kampuni ya Atlassian ya Australia ikafuata mwaka 2002, na jina lake limekatwa kutoka Gojira, jina la Kijapani la Godzilla, kwa kuitania Bugzilla. GitHub, tovuti ya kuhifadhia msimbo (maandishi ya programu) iliyofunguliwa mwaka 2008, iliziweka tiketi kando ya msimbo wenyewe. Sura za zana hizi zinatofautiana sana, lakini kazi ya msingi ni ile ile: kumwezesha mtu ambaye hakuwepo jambo lilipozungumzwa kuelewa kilichotokea, kilichoamuliwa na sababu yake. Mtu huyo anaweza kuwa mhandisi atakayeajiriwa mwakani, na anaweza kuwa wewe mwenyewe baada ya miezi sita.

Katika mwongozo huu nitatumia mfano mmoja wa kubuni. Ni timu ya watu saba inayotengeneza programu ya simu ya kuwekea akiba kwa vikundi, ambapo wanachama huchangia kwa malipo ya simu. Wapo wahandisi wanne, mjaribu mmoja, msimamizi wa bidhaa, na dada wa huduma kwa wateja anayepokea simu za wanachama.

Hatua ya kwanza: kubalianeni kuhusu mahali pamoja

Kabla ya kuchagua zana, timu ikae na ikubaliane jambo moja, kwamba kazi isiyo na tiketi haijaanza na uamuzi usioandikwa kwenye tiketi haujafikiwa. Makubaliano haya ni magumu kuliko yanavyosikika, kwa sababu timu nyingi za kwetu huishi ndani ya WhatsApp, na WhatsApp iko mkononi mwa kila mtu wala haihitaji kufundishwa. Sisemi iachwe. Swali la haraka, taarifa kwamba seva imezimika, na kuitana kikaoni vina mahali pake humo. Lakini kundi la WhatsApp halina namna ya kuonyesha kwamba jambo limekwisha, mtu aliyeingizwa leo hawezi kuyafuatilia yaliyosemwa mwaka jana, na picha ya skrini iliyotumwa Machi huwa imekwisha kuzama chini ya salamu na pongezi za siku za kuzaliwa ifikapo Septemba.

Kanuni ninayoipendekeza ni kwamba mtu aliyeibua hoja kundini ndiye anayewajibika kuihamishia kwenye tiketi siku hiyo hiyo, kwa sentensi mbili au tatu, kisha aweke kiungo cha tiketi kundini ili mazungumzo yaendelee huko. Wiki za kwanza kiongozi wa timu atalazimika kuuliza kila mara, "Ni tiketi namba ngapi?" Aulize kwa upole, lakini asichoke, na yeye mwenyewe awe wa kwanza kuitii kanuni, kwa kuwa mkubwa akigawa kazi kwa ujumbe wa sauti, wadogo wote watafanya hivyo hivyo.

Kuhusu zana sitakawia. Msimbo wenu ukiwa GitHub au GitLab, tumieni tiketi zilizomo humo humo, maana kila hatua inayomtoa mhandisi kwenye ukurasa wa msimbo hupunguza uwezekano wa yeye kuandika. Taasisi yenye idara nyingi zinazofuata taratibu tofauti itafaidika na Jira. Taasisi isiyotaka kumbukumbu zake zitoke nje ya seva zake inaweza kusimika Redmine, ambayo ni huria na imekuwepo tangu mwaka 2006. Zana ya wastani inayotumiwa na wote saba ni bora kuliko zana nzuri inayotumiwa na wanne.

Hatua ya pili: andika tiketi inayojitosheleza

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo ninapoomba msomaji atulie.

Anza na kichwa. Kichwa cha tiketi husomwa mara nyingi kuliko sehemu nyingine yoyote, kwa sababu ndicho kinachoonekana katika orodha, katika barua pepe za taarifa na katika matokeo ya utafutaji. "Malipo hayafanyi kazi" hakimsaidii mtu. "Mwanachama akibonyeza Changia mara mbili, mchango unakatwa mara mbili" kinaeleza nani, kitendo gani na matokeo gani, na mtu atakayetafuta neno "mchango" au "mara mbili" baadaye atakipata.

Mwilini mwa tiketi ya hitilafu, mambo matatu hayana mbadala: hatua zilizochukuliwa kwa mpangilio, kilichotarajiwa, na kilichotokea. Watu wengi huandika cha tatu tu, wakidhani viwili vya kwanza vinajulikana. Lakini mara nyingi ugomvi kuhusu tiketi hutokana na cha pili, kwa kuwa mtoa taarifa alitarajia jambo ambalo programu haikuundwa kulifanya, na hilo likiandikwa wazi hugundulika kwa dakika moja kwamba tatizo ni maelezo ya kwenye skrini wala si msimbo.

Kisha eleza mazingira: toleo la programu, toleo la Android au la kivinjari, hali ya mtandao, na aina ya akaunti iliyotumika. Usiandike "simu ya kawaida". Simu yenye nafasi ndogo ya kuhifadhi, iliyo kwenye mtandao unaokatika, huonyesha hitilafu ambazo simu ya mhandisi iliyounganishwa na mtandao wa ofisini haitazionyesha kamwe.

Lipo jambo moja linalotuhusu sana sisi wasemaji wa Kiswahili, nalo ni saa. Mwanachama akisema pesa zake zilikatwa "saa mbili", na dada wa huduma kwa wateja akaandika "saa 2" kwenye tiketi, mhandisi atafungua kumbukumbu za seva na kutafuta 02:00. Hatakuta kitu. Mwanachama alimaanisha saa mbili asubuhi, yaani 08:00 kwa saa za Afrika Mashariki, na kwa kuwa seva nyingi huandika kumbukumbu zake kwa UTC, saa za kimataifa zilizo nyuma ya zetu kwa saa tatu, tukio limeandikwa kama 05:00. Akiwa alimaanisha saa mbili usiku, litakuwa 17:00. Mwenzake aliyeko Kigali, Bujumbura au Goma yuko nyuma ya Nairobi na Dar es Salaam kwa saa moja, na hapo mambo huzidi kuchanganyika. Kwa hiyo andikeni tarehe kamili, saa kwa mfumo wa saa 24, na eneo la saa, kwa mfano "14/03, 08:14, saa za Afrika Mashariki". Kanuni hii ndogo huokoa muda mwingi kuliko nyingine yoyote katika mwongozo huu.

Kuhusu lugha, timu nyingi huzungumza Kiswahili mezani na kuandika tiketi kwa Kiingereza. Sioni ubaya wa Kiingereza pale ambapo wapo wenzetu wasiojua Kiswahili. Ubaya unaonisikitisha ni kuona mjaribu hodari au mtu wa huduma kwa wateja akiandika sentensi moja fupi ya Kiingereza kwa kuogopa kukosea, ilhali kwa Kiswahili angeeleza aya nzima yenye kila kitu ambacho mhandisi anahitaji. Kama mnahitaji vichwa vya Kiingereza, mhandisi anayepokea tiketi aandike kichwa. Maelezo yaachwe yaje kwa lugha ambayo mtoa taarifa anaimudu.

Huu hapa mfano wa tiketi iliyokamilika:

Namba 214. Mwanachama akibonyeza Changia mara mbili, mchango unakatwa mara mbili.
Hatua: (1) Fungua kikundi. (2) Bonyeza Changia, weka shilingi 5,000. (3) Jibu likichelewa, bonyeza Changia tena kabla ya sekunde 10 kupita.
Nilichotarajia: ombi moja tu la malipo, na kitufe kisikubali kubonyezwa tena.
Kilichotokea: maombi mawili yalifika kwenye simu, na yote mawili yakikubaliwa, shilingi 10,000 hukatwa.
Mazingira: toleo 2.3.1, Android 10, mtandao wa 3G. Kwenye Wi-Fi ya ofisini sijaweza kulirudia.
Muda: 14/03, 08:14, saa za Afrika Mashariki.
Ushahidi: picha mbili za skrini, namba za miamala na za simu zimefichwa. Walioathirika: wanachama watatu wamepiga simu tangu jana.

Angalia sentensi isemayo "kwenye Wi-Fi ya ofisini sijaweza kulirudia". Kusema pale ambapo hitilafu haitokei kuna thamani sawa na kusema pale inapotokea, kwa sababu kunampunguzia mhandisi sehemu za kutafuta. Angalia pia kwamba mwandishi hakukisia chanzo. Ukiwa na dhana, iandike, lakini iweke chini kabisa na uiite dhana, ili isimpoteze anayefuata.

Picha za skrini zinahitaji neno la ziada. Ujumbe wa malipo ya simu hubeba jina, namba ya simu na kiasi cha fedha cha mtu halisi, na tiketi husomwa na watu wengi, wakiwemo wahandisi wa muda na wakati mwingine umma mzima. Kenya ina Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini hata pasipo sheria, mwanachama aliyepiga simu kulalamika hakukubali namba yake ibaki kwenye tiketi milele. Ficha kabla ya kupakia, maana ukipakia kwanza, barua pepe za taarifa zinaweza kuwa zimekwisha kutoka. Ni hivyo hivyo kwa nywila na funguo za kuunganishia mifumo zinazojificha ndani ya kumbukumbu za seva: ikitokea zimebandikwa kwenye tiketi, kufuta maandishi hakutoshi, ni lazima ufunguo ubatilishwe na utolewe mpya.

Hatua ya tatu: wekeni kiolezo

Baada ya mwezi mmoja wa kuandika kwa mkono, geuzeni vichwa vidogo vya mfano ule kuwa kiolezo kinachojitokeza mtu anapofungua tiketi. Kwenye GitHub, violezo huwekwa katika folda iitwayo .github/ISSUE_TEMPLATE, na mnaweza kuwa na kimoja cha hitilafu na kingine cha maombi. Kiwe kifupi. Kiolezo chenye maswali kumi na tano huzaa majibu ya "hakuna" kumi na mbili, na mtu mwenye haraka hurudi WhatsApp.

Hatua ya nne: pepeteni tiketi mpya kila siku

Tiketi mpya ni kama mchele uliotoka kinuni. Haiingii chunguni kabla ya kupepetwa. Mpeni mtu mmoja zamu ya wiki, na zamu izunguke, ili kila asubuhi apitie tiketi zilizoingia na kuzifanyia mambo manne: ahakikishe inaeleweka, atafute kama imewahi kuandikwa, aipe uzito na kipaumbele, na aiwekee lebo ya sehemu ya mfumo inayohusika.

Akikuta rudufu, asiifunge kimya kimya. Aandike kwamba jambo hili tayari liko kwenye tiketi namba fulani, aweke kiungo, na amshukuru mtoa taarifa, kisha ahamishe taarifa yoyote mpya kwenda kwenye tiketi ya kwanza. Rudufu nazo ni habari, kwani tiketi iliyoandikwa na watu sita tofauti inawaeleza uzito wake kuliko mjadala wowote.

Uzito na kipaumbele ni vitu viwili, na kuvichanganya huleta mabishano yasiyokwisha. Uzito husema hitilafu inaharibu kiasi gani. Kipaumbele husema tutaishughulikia lini. Programu inayojifunga yenyewe kwenye toleo la zamani la Android linalotumiwa na wanachama wawili ina uzito mkubwa, lakini huenda kipaumbele chake ni kidogo. Jina la kikundi lililokosewa herufi kwenye ukurasa utakaoonyeshwa kwenye uzinduzi wa kesho lina uzito mdogo na kipaumbele kikubwa. Tiketi yetu namba 214 ni kubwa kwa yote mawili. Uzito upangwe na mtu anayeijua mifumo; kipaumbele kipangwe na msimamizi wa bidhaa, anayejua ahadi zilizotolewa kwa wateja. Debian wana ngazi saba za uzito, kuanzia hitilafu inayoweza kuharibu mfumo mzima hadi matakwa tu, na ngazi tatu za juu huzuia kifurushi kuingia katika toleo rasmi. Timu ya watu saba haihitaji ngazi saba. Tatu zinatosha, mradi kila ngazi iwe na matokeo ya kweli: ngazi ya juu kabisa iwe inasimamisha toleo, la sivyo ni rangi tu ya kupendezesha orodha.

Hatua ya tano: tiketi moja, mwenye nayo mmoja

GitHub inaruhusu watu hadi kumi kupangiwa tiketi moja. Msifanye hivyo. Ng'ombe wa wengi hulala njaa, na tiketi ya watu watatu hukaa wiki mbili kila mmoja akiamini mwenzake ameianza. Mwenye tiketi si lazima afanye kazi yote peke yake; wajibu wake ni kuhakikisha tiketi inasogea na kusema waziwazi inapokwama.

Utaratibu mzuri wa kujifunza ni wa OpenMRS, mfumo huria wa kumbukumbu za wagonjwa ambao historia yake imefungamana na Eldoret, Kenya, ulikoanza kutumika mwaka 2006, na ambao wachangiaji wake wametawanyika katika mabara kadhaa. Tiketi zao huwekwa kwenye Jira, na mchangiaji hutarajiwa kuchukua tiketi iliyokwisha kupitiwa na kuwekwa katika hali ya kuwa tayari kufanyiwa kazi. Zipo pia tiketi zilizotengwa kwa ajili ya wageni. Hali hiyo ya "tayari" hulinda muda wa wote, kwa kuwa mtu hatumii siku tatu kutekeleza jambo ambalo wenye mradi wangelikataa. Hata timu ndogo ya ofisini inaweza kuiga: mhandisi asianze tiketi ambayo haijapepetwa, na tiketi chache rahisi ziachwe kwa makusudi kwa ajili ya kijana wa mafunzo kazini.

Hatua ya sita: zungumzeni ndani ya tiketi

Sehemu ya maoni ndiyo moyo wa mfumo mzima, na ndiyo inayotumiwa vibaya zaidi. Maoni mazuri ni ya aina tatu tu: habari mpya, swali, au uamuzi. "Nafuatilia" na "mbona kimya?" havimo. Mwenye kutaka kujua maendeleo anaweza kuuliza swali lenye jibu: "Je, tutegemee hili katika toleo la Ijumaa, au nimwambie mteja asubiri?"

Swali liwe na mtu wa kulijibu. Ukiandika "kuna anayejua mfumo wa malipo unafanya nini ombi likirudiwa?", watu saba watapokea taarifa na hakuna atakayejibu. Mtaje mmoja kwa alama ya @, na ueleze ulichokwisha kujaribu: "Kaka, nimejaribu kuzima kitufe baada ya kubonyezwa na bado ombi la pili linatoka mtandao ukikatika. Ni programu inayotuma upya yenyewe, au ni seva?" Swali kama hilo hujibika hata kama muulizwa atalisoma kesho asubuhi akiwa mji mwingine.

Uamuzi nao uandikwe kama uamuzi, pamoja na sababu na njia iliyokataliwa. Kwa tiketi namba 214, maoni ya mwisho kabla ya kuanza kazi yangesomeka hivi: "Tumeamua kwamba kila ombi la mchango litabeba namba yake ya kipekee inayotolewa na programu. Seva ikipokea namba ile ile mara ya pili, itarudisha jibu la awali badala ya kutoza upya. Kuzima kitufe pekee tumekukataa, kwa sababu programu hutuma ombi upya yenyewe mtandao unaporudi." Sentensi ile ya tatu ndiyo hupuuzwa na wengi, nayo ndiyo itakayomzuia mtu mwingine asirudi mwakani na wazo la kuzima kitufe. Uamuzi ukifikiwa kwenye simu au kikaoni, mmoja wenu aufupishe kwenye tiketi kabla hajaenda kula. Na maelezo ya juu ya tiketi yasasishwe kila mjadala unapobadili mwelekeo, ili msomaji mpya asilazimike kupitia maoni arobaini kuujua ukweli wa leo.

Nataka kukaa kidogo juu ya heshima. Katika ofisi zetu, kijana aliyeanza kazi juzi huona vigumu kumwambia aliyemtangulia, mbele ya watu, kwamba alichokijenga kina kasoro. Mezani atanyamaza. Tiketi inampa njia nyingine, kwa sababu hapo hasemi "umekosea". Anaandika hatua, matokeo na ushahidi, na ushahidi hauna umri. Njia hiyo hubaki wazi iwapo tu wakubwa hawataifunga. Mhandisi mkuu anayejibu tiketi ya kijana kwa "kwangu inafanya kazi" na kuifunga papo hapo amemfundisha kijana huyo asiandike tena, na hitilafu inayofuata ataiona na kuipita. Ajibu: "Asante. Kwangu haitokei kwenye Android 13. Niazime simu uliyotumia wewe nijaribu." Na tiketi isitaje nani aliandika msimbo wenye kosa, maana historia ya msimbo inajulikana kwa anayeihitaji. Kilicho muhimu ni jinsi kosa lilivyopenya majaribio yetu.

Mzozo ukizidi majibizano matatu, acheni kuandika na mpigiane simu. Maandishi hukaza sauti ambayo mwandishi hakuikusudia. Mkishaelewana, rudini na muandike mlichokubaliana.

Hatua ya saba: fungamanisheni tiketi na msimbo

Jina la tawi la msimbo, yaani nakala ya pembeni ambamo mhandisi anafanyia mabadiliko yake, libebe namba ya tiketi, na kila ombi la kuunganisha msimbo liitaje. Kwenye GitHub, ukiandika "Fixes #214" katika maelezo ya ombi hilo, tiketi hujifunga yenyewe msimbo unapounganishwa na tawi kuu. Ukiunganisha na tawi lingine, haijifungi, na jambo hili huwashangaza wengi. Faida kubwa huonekana baadaye: mhandisi anayekutana na mstari wa ajabu kwenye msimbo huangalia historia yake, akapata namba, akafungua tiketi na kusoma sababu. Pasipo namba, ataufuta mstari huo akidhani ni takataka, na wanachama wataanza kupiga simu upya.

Hatua ya nane: fungeni kwa sababu iliyoandikwa

Bugzilla ilitenganisha mapema hali ya tiketi na sababu ya kufungwa kwake, na mgawanyo wake bado unafaa kuigwa: imerekebishwa, si hitilafu, haitarekebishwa, ni rudufu, haikuweza kurudiwa. GitHub ilianza na kufungwa kwa namna moja tu, baadaye ikaongeza tofauti kati ya iliyokamilika na isiyopangwa kufanywa. "Haitarekebishwa" ni jibu halali kabisa, mradi lije na maelezo. Linamuumiza mtoa taarifa mara moja, ilhali tiketi inayoachwa wazi miaka miwili bila neno humuumiza kila anapoifungua.

Iliyorekebishwa ithibitishwe na mtu mwingine asiye mrekebishaji, kwa kufuata hatua zile zile zilizoandikwa mwanzoni. Kisha taarifa imrudie aliyelileta jambo. Kwa mfano wetu, dada wa huduma kwa wateja aone kwenye tiketi namba 214 ni toleo gani lina marekebisho na fedha za wale watatu zilirudishwa lini, ili awapigie simu. Timu nyingi husahau hatua hii, na matokeo yake ni kwamba watu walio karibu zaidi na wateja huacha kuandika tiketi.

Tiketi isiyoweza kufungwa kwa kawaida ni kubwa mno. Mwaka 2004 Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa mfumo endeshi huria wa Ubuntu, alifungua tiketi namba 1 ya mradi huo, ikilalamika kwamba Microsoft inashikilia sehemu kubwa ya soko la kompyuta. Ilifungwa mwaka 2013. Kama tangazo la dhamira ilikuwa na maana yake. Kama kipimo cha kazi, "Boresha mfumo wa malipo" ni ya aina hiyo hiyo, na inapaswa kuvunjwa vipande ambavyo mtu mmoja anaweza kuvimaliza ndani ya siku chache.

Hatua ya tisa: mambo ya usalama yawe na mlango wake

Udhaifu unaomwezesha mtu kuona akiba za wengine hauandikwi kwenye tiketi ya wazi kabla haujazibwa. Wekeni faili la SECURITY.md linaloeleza pa kuripoti, au tumieni ripoti ya faragha ya GitHub. Baada ya kuzibwa na watumiaji kupata toleo jipya, yaliyotokea yaandikwe wazi. Mkataba wa kijamii wa Debian wa mwaka 1997 unaahidi kwamba mradi hautaficha matatizo na kwamba hazina yake ya hitilafu itabaki wazi kwa umma, nami naiheshimu sana ahadi hiyo, hasa kwa programu zinazoshika fedha au afya za watu.

Hatua ya kumi: tunzeni mrundikano, na mhame kwa uangalifu

Kila robo mwaka, tengeni saa mbili za kupitia tiketi zilizokaa bila kuguswa. Msitumie roboti inayofunga kila tiketi ya siku sitini. Hitilafu haiponi kwa kuzeeka. Someni, jaribuni upya kwenye toleo la sasa, na mfunge zile ambazo hazina maana tena kwa kueleza kwa nini.

Ipo siku mtahama zana. Mradi wa lugha ya Python ulihamisha tiketi zake kutoka zana iitwayo Roundup kwenda GitHub mwezi Aprili 2022, na tovuti ya zamani ikaachwa isomeke tu, ili namba za zamani, zilizoandikwa kwa herufi bpo na tarakimu, ziendelee kumfikisha msomaji mahali panapohusika. Igeni hilo hata mkiwa watu saba. Kabla ya kuhama, toeni nakala kamili ya tiketi zote pamoja na maoni na viambatisho, andikeni namba ya zamani ndani ya kila tiketi mpya, kisha fungueni tiketi kumi za zamani mlizozichagua bila mpango na mhakikishe kwamba picha zake bado zinaonekana. Namba 214 itaendelea kutajwa ndani ya msimbo wenu kwa miaka mingi, na atakayeitafuta lazima aikute.